Mzigo Hauna Mchukuzi

Vijana walianza kubishana juu ya Rais wa kwanza hata kabla sinia la pili la wali halijatoka jikoni. Tulikuwa tumemzika Mwavita jana yake baada ya sala ya alasiri, na sasa turubai lilikuwa limefungwa uani kwake, huko mtaa wa Ng'ambo, wanaume nje, wanawake ndani. Mimi, kwa sababu ya magoti yangu ambayo hayautaki tena mkeka, niliwekewa kiti mlangoni, si ndani si nje, kwa hiyo maneno ya pande zote mbili yalinipitia masikioni. Kijana mmoja, mtoto wa jirani, alisema Rais yule alitutia umaskini, alichukua mali za watu waliojua kuzitunza akawapa wasiojua. Mwenzake, mwalimu wa sekondari aliyesomeshwa na Mwavita, akamjibu kuwa bila Rais yule, marehemu ambaye wali wake anaula sasa hivi angesugua masufuria ya watu mpaka siku ya kufa. Wakapandisha sauti. Wazee wakawanyamazisha. Mwisho yule wa kwanza akanigeukia kwa adabu kabisa. "Bibi Zuwena, shikamoo. Wewe ulikuwepo. Alitujenga au alitubomoa?"

Nilikuwa mkunga hapa hospitali ya Kitete mpaka nikastaafu, na kazi ile ilinifundisha kutowaonea haya watu wanaotaka jibu la neno moja. Anayetaka jibu la neno moja akamuulize kasuku. Nilimwambia ale kwanza, wali unapoa. Lakini swali lake lilibaki nami hata niliporudi nyumbani, kwa sababu Rais huyo huyo, katika mwaka mmoja, alitunyang'anya nyumba na akanipa nafasi ya shule, na mambo hayo mawili yaligombana kwetu mwaka mzima kama paka wawili ndani ya gunia moja. Mimi nilikuwa humo ndani ya gunia. Mwavita naye alikuwemo.

Sitasimulia habari za ukoo. Watu wa Tabora wanaujua, na wasio wa Tabora hautawasaidia kitu. Inatosha kusema kwamba nyumba yetu ilijengwa na watu waliokuja kutoka Omani kufuata pembe za ndovu, kando ya ile njia ya zamani ya misafara inayotoka Ujiji kwenda pwani, na kwamba nilipozaliwa pembe zilikuwa zimekwisha kitambo na Baba alikuwa anauza asali na nta. Nta ndiyo harufu ya utoto wangu. Ilikuwa imerundikwa chumba cha mbele, na kwenye joto la mwezi wa kumi ilinukia mpaka kwenye mashuka. Baada ya chumba hicho kulikuwa na ukumbi, ambamo Bibi, mama yake Baba, alikaa juu ya kitanda cha besera, kile chenye nguzo na paa la kitambaa, siku nzima, anaona anayeingia na anayetoka. Baada ya ukumbi vyumba vya kulala, kisha ua, kisha kisima, kisha jiko, na nyuma kabisa, ukutani, banda la vyumba viwili. Humo waliishi Mwavita na mama yake.

Kwetu neno mtumwa halikutamkwa. Tulisema "watu wa nyumbani." Mama Mwavita alikuwa mtu wa nyumbani, kama mama yake alivyokuwa, na kabla ya hapo kulikuwa na Manyema, mbali, ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo wahenga wake "waliletwa." Bibi alipenda neno hilo, waliletwa, kama vile ni vyombo vya harusi. Mama Mwavita alipika, alifua, alichota, na kila asubuhi alipopita mbele yangu na karai lake aliniambia, "Shikamoo, bibi mdogo." Mtu mzima huyo, aliyenibeba mgongoni, ananipa shikamoo mimi niliyekuwa sijaota meno ya ukubwani. Na mimi nilijibu marahaba bila kuwaza, kwa sababu nilifundishwa kuijibu kabla sijajua kufunga kiatu. Chakula kilikuwa kile kile, wali na mchuzi, Ijumaa nyama ya mbuzi, siku nyingine ugali na kisamvu cha karanga. Ila sinia letu lilipelekwa ukumbini, na lao lilibaki jikoni. Bibi hakuwa mkatili. Mwavita alipougua surua, Bibi ndiye aliyemkalia kitandani akimpangusa kwa maji ya mwarobaini. Lakini alipopona alirudishwa jikoni, na hakuna aliyeona ajabu, hata Mwavita mwenyewe, mpaka tulipoanza shule.

Shule yetu zamani ilikuwa ya watoto wa Kihindi tu. Baada ya uhuru ikaja amri ya Rais kwamba hakuna tena shule ya rangi hii na shule ya rangi ile, na wazee wa mji wakasema itakuwa fujo. Haikuwa fujo. Ilikuwa dawati. Mwalimu mkuu, mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyeitwa Mwalimu Kasanda, alitupanga kwa urefu, na mimi na Mwavita tulikuwa sawa kwa urefu, kwa hiyo tukakaa dawati moja tangu darasa la kwanza hadi la saba. Pale alikuwa ananisahihisha hesabu na mimi namsahihisha imla. Tulichimba bustani pamoja, maana siku zile kila mwanafunzi alikuwa na jembe lake, na Mwalimu Kasanda hakujali kidole chako kimezoea hina au mpini. Kisha kengele inagonga, tunarudi. Tulikuja pamoja, tunacheka, mpaka kwenye kona ya msikiti. Hapo Mwavita alikuwa anapunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Mimi niliingia mlango wa mbele wenye misumari ya shaba, yeye akazunguka nyuma. Ninapoikumbuka kona ile sasa, moyo unaniuma kuliko nikikumbuka mambo makubwa zaidi.

Mwaka wa darasa la saba ulianza vibaya. Baba alikuwa na nyumba ya kupangisha karibu na barabara ya stesheni, yenye wapangaji wa reli, na mwaka huo serikali ilizitaifisha nyumba za namna hiyo. Baba alileta habari nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Alinawa, akakaa, akamega tonge, akalirudisha kwenye sinia. "Mama," akamwambia Bibi, "nyumba ya stesheni si yetu tena." Bibi aliendelea kutafuna. Mama yangu aliinamisha kichwa. Nilidhani Bibi hakusikia, mpaka aliponawa mikono na kusema polepole, "Nilizaa na marehemu baba yako humu ndani tukitegemea kodi ile. Leo anaila nani?" Baba akasema ni amri ya Rais, inawahusu wengi, si sisi peke yetu. Tangu mchana huo Bibi hakumtaja Rais kwa cheo chake. Alimwita "yule," tu, na kila kitu kilichoharibika nyumbani, hata chungu kikipasuka, yule alikuwa na mkono wake.

Mtihani ulipokwisha nikawekwa ndani. Ndiyo desturi yetu, msichana akishakua hatoki, anangoja mume, na mimi nilishakua. Dada zake Baba waliwekwa ndani, mama yangu aliwekwa ndani, na mimi nilijua tangu mdogo kwamba zamu yangu itakuja, kama unavyojua kwamba masika yatakuja. Lakini kujua si kuzoea. Siku nzima nilikaa kwenye chumba cha ndani nikishona kofia, nikisikiliza mvua kwenye bati na sauti ya Mwavita akitwanga uani. Nilimwonea wivu kwa kutwanga kule. Alikuwa anaweza kutoka nje ya ukuta kwenda sokoni, na mimi mwenye mlango wa misumari ya shaba siwezi. Mama aliingia mara kwa mara kunikagua mshono, akaketi, akatoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mbele ya Bibi alikuwa hana maneno kabisa.

Matokeo aliyaleta Mwalimu Kasanda mwenyewe, kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Alikaribishwa barazani, na mimi na Mama tukasimama nyuma ya pazia la ukumbi ambako Bibi alikuwa keshakaa. Alisema wasichana wawili wa shule yake wamechaguliwa kwenda shule ya bweni ya serikali, huko mashariki, usiku mzima kwa treni. Na wote wawili wanatoka nyumba hii. "Hongera sana, Bwana Seif," alimwambia Baba. "Sijapata kuona. Nyumba moja, wawili." Nilihisi joto likinipanda kutoka miguuni. Baba alishukuru, akamwitia kahawa, akaulizia mambo ya treni na sare. Alikuwa anafurahi, nilimsikia katika sauti. Kisha Bibi akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kufika barazani, "Ameshachukua nyumba. Sasa anataka na mtoto?"

Mwalimu Kasanda alikunywa kahawa yake yote, akaaga. Tangu hapo ilikuwa vita ya maneno ya chini chini. Baba alikuwa anarudi kutoka dukani, anaingia ukumbini, na mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta nimeshika kofia isiyosonga mbele. Bibi alisema msichana wa nyumba ile hajapata kulala nje ya nyumba ile. Baba alisema dunia imebadilika. Bibi akasema dunia haijabadilika, ila watu wameogopa. Baba akasema ndiyo, mimi naogopa, mama, nimebakiwa na asali tu, kesho nayo ikienda mtoto huyu ataolewa na nani na atakula nini? Ni bora awe na kazi kichwani mwake, ambayo haiwezi kutaifishwa. Nilimpenda Baba sana kwa neno hilo. Bibi akauliza kuhusu Mwavita. "Na yule mtoto wa jikoni, anakwenda kufanya nini?" Baba akashusha sauti. "Mama, maneno hayo usiyaseme hivyo. Balozi wa nyumba kumi ana dirisha lake hapo nyuma." Balozi wetu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, lakini siku zile hata mpole alikuwa wa chama.

Nadhani ni neno hilo la balozi lililompa Bibi wazo. Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, alituita wote ukumbini, na Mama Mwavita na Mwavita wakaitwa kutoka jikoni, wakasimama karibu na mlango, pale penye sakafu isiyo na mkeka. Bibi alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha piga hesabu zake. Alisema ameridhia. Zuwena atakwenda. Lakini desturi ya nyumba hii ni kwamba binti hasafiri bila mtu wake, na kwa bahati njema mtu wake amechaguliwa pia. Kwa hiyo Mwavita atakwenda naye. Atamfulia, atamtandikia, atambebea mzigo wake na kumchotea maji ya kuoga, na akipata nafasi naye atasoma. "Hivyo naridhika," alisema Bibi. "Vinginevyo hatoki mtu. Heshima si utumwa."

Mama Mwavita alijibu haraka, "Tumesikia, Bi Mkubwa. Ahsante." Alikuwa ameshalipigia hesabu banda lile la vyumba viwili, na paa lake, na mvua iliyokuwa inanyesha. Mimi nilikuwa nataka kuruka kwa furaha. Niliona treni. Sikuona kitu kingine. Kisha Mwavita akasema, bila kupandisha sauti, na macho yake chini kama alivyofundishwa, "Bibi, samahani. Mimi nimechaguliwa kusoma. Mtumishi hakuchaguliwa."

Hakuna aliyemkaripia. Hilo ndilo lililonitisha. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, kwa mshangao, kama vile kinu kimemjibu. Mama Mwavita akamshika mwanawe mkono akamvuta nje, na tukasikia kofi moja uani, na baadaye kilio, lakini aliyekuwa analia ni mama. Bibi akamwambia Baba, "Umeona? Hayo ndiyo anayofundisha yule." Akafungua tambuu yake, akaanza kupaka chokaa kwenye jani. Shauri lilikuwa limekwisha kwa upande wake. Mwavita akikubali, naenda. Asipokubali, sitoki.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimeishi siku mbaya. Sare zilishonwa, kwa sababu Baba alikuwa bado anatumaini. Sanduku la bati la bluu lilinunuliwa. Mama alilipanga taratibu, shuka, kanga, sabuni, sukari, chupa ya asali iliyofungwa kitambaa, na kila alipoweka kitu aliangalia mlangoni kuona kama kuna mtu anakuja kumwambia akitoe. Jikoni Mwavita na mama yake hawakuwa wanasemezana. Siku moja Bibi alipolala mchana nilitoka nikamkuta Mwavita kisimani anavuta ndoo. Nilimwambia nilichokuwa nimekiwaza siku zote hizo, kwamba aseme ndiyo tu. Neno tu. Tukifika huko, nani atajua? Walimu wa bweni hawatakubali msichana amfulie mwenzake, kila mtu atafua nguo zake, Rais mwenyewe anasema kujitegemea. "Sema ndiyo hapa," nikamwambia, "huko tutacheka."

Alishusha ndoo. "Ndiyo ya hapa itanifuata huko," alisema. "Utakuwa unajua niliisema. Na mimi nitakuwa najua." Nilimwambia ananikomoa. Nilimwambia kwa sababu ya kiburi chake mimi nitaozwa. Nilisema mengine, ya msichana anayezama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta bila kulijua. Bibi yake mzaa mama alitoka Manyema akiwa mtoto, kwa miguu, nyuma ya mama yake aliyekuwa amebeba pembe kichwani. Mahali fulani upande wa huku wa Uvinza yule mama alichoka, akakaa chini. Pembe ikachukuliwa na mwingine. Msafara ukaendelea, na mtoto akavutwa mkono. "Bibi alikuwa anasema kila mara, hajui ni mahali gani," Mwavita akasema. "Alisema angejua, angerudi. Mimi sitambebea mtu mzigo, Zuwena. Hata wewe. Kwa hiari yangu ningekubebea mpaka Dar es Salaam, lakini si kwa kuambiwa ni desturi." Akatwika ndoo yake akaenda jikoni. Mimi nilibaki pale kwenye matope, nimekasirika bado, maana hofu haina adabu, lakini sikumwomba tena.

Siku ya safari mvua ilianuka asubuhi. Treni ilikuwa ya alasiri. Tulikula mchana mapema, wali wa nazi na kuku, na hakuna aliyeumaliza. Mwalimu Kasanda alikuwa amepita kumwambia Baba kwamba nafasi isiyochukuliwa siku ya kufungua itapewa mtu mwingine, hakuna kungojana. Nilivaa sare na buibui juu yake. Sanduku la bluu likatolewa likawekwa kizingitini, kwenye mlango wa mbele, na mlango ukafunguliwa, na jua la baada ya mvua likaingia ukumbini mpaka kwenye miguu ya Bibi. Alikuwa ameletewa kiti. Majirani wawili watatu walikuwa wamekaa barazani kutuaga, na balozi wetu mmoja wao. Kisha Mwavita akaja kutoka nyuma, mama yake nyuma yake. Alikuwa amevaa sare kama yangu. Kichwani alikuwa na furushi lake, limefungwa kwenye kanga.

"Mwavita," Bibi akasema kwa upole, "chukua sanduku la mwenzio."

Alisema mwenzio, kwa sababu ya watu wa barazani. Mwavita alisimama. "Bibi, kichwa changu kimeshajaa," akasema.

Mama Mwavita alipita mbele yake akainama kulishika sanduku. "Mama, usiguse," Mwavita akasema. "Usiguse, nakuomba." Na Mama Mwavita, ambaye nilikuwa sijapata kumwona akiacha kitu alichoamriwa, alijiinua akasimama wima, mikono mitupu. Baba alisema, "Mama, nitaita mtu wa mkokoteni," na Bibi akasema bila kumtazama, "Sikutaka mkokoteni." Kisha akasema kile nilichokuwa nakiogopa kila siku. "Basi mtoto haendi. Rudisha sanduku ndani."

Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama sakafu, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya mama yake, na nilijua hatasema kitu. Nikamtazama Mwavita, akanitazama, macho yake yamejaa maji lakini hayamwagiki. Hakuwa na la kunipa. Nilianza kuvua buibui.

Mama akatoka chumbani. Alikuwa amevaa buibui lake la kuendea harusi, ambazo alikwenda jioni kwa kusindikizwa, amefunikwa, na kurudishwa. Mchana alikuwa hajapata kuvuka kizingiti kile tangu aolewe. Alikuja moja kwa moja, akainama, akalishika sanduku kwa masikio yake mawili, akalikweza mpaka tumboni. Lilikuwa zito, mishipa ya shingo ilimtoka.

"Unakwenda wapi?" Bibi akauliza.

"Stesheni, mama. Mzigo hauna mchukuzi."

"Mchana huu? Mke wa Seif?"

"Mimi nilishushwa stesheni hiyo nimefunikwa shuka," Mama alisema. Pumzi zilikuwa zinamkatika kwa uzito. "Nilitoka Ujiji mtoto kama huyu. Sikuona hata ukuta wake. Leo nitauona." Na akavuka kizingiti. Watu wa barazani walisimama wote wakageuza nyuso, kwa adabu, isipokuwa balozi, aliyesahau kugeuka.

Aibu ina mizani yake, na Bibi alijua kuipima kuliko mtu yeyote Tabora. Mjukuu kwenda shule bila mtumishi ilikuwa aibu. Mkwe wake kupita sokoni na sanduku mikononi, mchana, peke yake, ilikuwa aibu ambayo ingesimuliwa mpaka Nzega. "Seif," akasema. Lilikuwa neno moja tu, na mimi mpaka leo sijui alitaka kumwamuru nini. Baba alitoka mbio. Alimfikia Mama hatua chache barabarani, akashika sikio moja la sanduku, na hapo wakasimama, sanduku katikati yao, matope chini yao. Nilidhani atalivuta kurudi nyumbani. Nadhani naye alidhani hivyo. Mama alilegeza upande mmoja tu ili Baba apate pa kushika vizuri, kisha akaanza kutembea, na Baba, ama avutwe ama afuate, akafuata.

Tulipita mji mzima hivyo. Mwavita na mama yake mbele, maana walitupita sanduku liliposimama barabarani, kisha wazazi wangu na sanduku likiyumba, kisha mimi, mikono mitupu, nikiona haya na nikiogopa kwamba tutaitwa kutoka nyuma. Hatukuitwa. Watu walitoka madukani. Mzee mmoja muuza tumbaku alimpa Baba salamu, na Baba akaijibu kana kwamba anatembea na sanduku na mke kila siku. Kwenye barabara ya stesheni tulipita nyumba ile iliyokuwa yetu, wapangaji wa reli wamekaa ngazini, na Baba hakuitazama.

Najua vijana walitaka niseme nini msibani. Nikisema alitujenga, nitamsahau Baba aliyerudisha tonge kwenye sinia, na alikufa akiwa hajalipwa nyumba ile. Nikisema alitubomoa, nitamsahau Mwavita, aliyekuwa na sare sawa na yangu na jina lake mwenyewe, akasema hapana ndani ya nyumba ambamo watu wake hawakupata kuisema, kwa sababu kwa miaka saba kulikuwa na dawati moja ambalo halikumwuliza bibi yake aliletwa na nani. Amri ya Rais ilifika mpaka kwenye dawati. Kutoka dawati mpaka mlangoni ilibidi watu wa nyumba ile wayabebe wenyewe yaliyobaki, na si wote waliofanikiwa kutoka.

Treni ilikuwa imeshasimama. Baba alipandisha sanduku ndani ya behewa la daraja la tatu, akalisukuma chini ya kiti, akanipa mkono kama anavyompa mwanamume. Mama Mwavita alikuwa amepitisha kichwa dirishani anamwusia mwanawe asilale karibu na mlango. Mama alibaki amesimama katikati ya jukwaa, mikono myekundu kwa kushika bati. Aliangalia paa la stesheni, saa, wachukuzi, wauza ndizi na karanga, akiangalia kimoja kwanza mpaka akimalize. Nikamwita aje dirishani. Alikuja, akaniwekea kiganja shavuni, kisha akauliza, "Kigoma ni upande gani?"

Nilimwonyesha. Reli ilinyooka kuelekea magharibi, ikaingia kwenye miombo. Akageuka kule. Akafunua uso wake kabisa, mchana kweupe, mbele ya watu wote wale. Filimbi ikapigwa, behewa letu likaanza kusogea kuelekea upande mwingine, Baba akawa anapunga mkono, Mama Mwavita akawa anakimbia kando ya dirisha. "Mwite," Mwavita akaniambia, "hajui kama tumeondoka." Nikamwita. Hakugeuka. Alikuwa anaitazama njia ya kwao Ujiji, na sikumwita tena.